Mnada wa malori mtandaoni: jinsi ya kugawa safari na kupanga bei

Mwongozo huu ni wa mwenye mizigo ambaye simu za madalali zimeanza kumla siku nzima: kiwanda kinachopandisha mbolea, mnunuzi wa mahindi, kampuni ya usambazaji yenye safari thelathini na zaidi kwa wiki. Mwenye safari mbili kwa mwezi aendelee na simu tu. Mnada, yaani wasafirishaji kushindana mtandaoni kuomba safari zako na wa bei ya chini kushinda, unataka washindani, na washindani wanafuata wingi wa mzigo.

Mifano nimeiweka kwenye barabara ya TANZAM, Dar es Salaam hadi Mbeya, kama kilomita 830, kwa sababu tatizo lote linaonekana pale waziwazi. Kabla ya mvua za Nyanda za Juu Kusini mbolea inapanda kwa wingi. Mahindi yakishavunwa, katikati ya mwaka, mambo yanageuka: mzigo uko Makambako na Songea, gari ziko Dar. Lori linalorudi tupu halirudi bure. Dizeli ya kurudia imo ndani ya bei uliyolipa kupandia, hata kama hakuna aliyekuandikia hivyo kwenye ankara.

Pesa ya mnada iko hapo. Kumbana msafirishaji kunakupa punguzo la wiki mbili, kisha gari zinaanza kuharibika njiani, na ajabu yake zinaharibika zaidi siku ambazo jirani yako analipa vizuri. Kazi ya algorithimu (hatua za hesabu zinazofuatwa na kompyuta) ni kutafuta nani aunganishiwe safari ipi na ipi ili kilomita tupu zipungue. Sears Logistics Services ya Marekani ilifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990: iliwaruhusu wasafirishaji waombe njia kwa mafungu badala ya moja moja, na gharama yake ya usafiri ikashuka kwa takriban asilimia 13. Siku hizo ilihitaji wataalamu wa kuajiriwa. Leo laptop ya kawaida inatosha.

1. Andika mzigo usibakize swali

Kila usichokisema, msafirishaji anakigeuza woga, na woga anauongeza kwenye bei. Kwa hiyo kila safari iwe na mstari wake: ghala la kupakia na la kushushia, siku na saa, aina ya trela (la wazi lenye turubai, la kontena, la kichanja), uzito halisi, nani analipa makuli huku na kule.

Uzito usiuandike kwa mazoea. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake pamoja, na magari yenye ekseli chache yana ukomo wa chini zaidi. Ukitangaza "tani 32" bila kujua trela la mwenzako lina uzito gani, mtajua wote wawili mkifika mizani ya Vigwaza, na hapo hakuna algorithimu ya kuwasaidia. Tangaza bei kwa tani, pamoja na uzito wa chini kabisa utakaolipia hata kama mzigo umepungua.

Mambo mawili yanasahaulika sana. La kwanza ni muda wa kusubiri: sema saa ngapi ni bure na baada ya hapo unalipa kiasi gani kwa siku. Dereva aliyekaa Vingunguti siku tatu akisubiri kupakia anajua dau lijalo ataliongeza kiasi gani. La pili ni siku za malipo. Kati ya kulipa siku ya tatu baada ya hati ya mapokezi kurudi na kulipa siku ya sitini, tofauti ya madau utakayopata inaweza kumeza faida yote ya hesabu zitakazofuata hapa chini. Kama mhasibu wako hawezi kubadilika, mnada utakuletea bei nzuri kidogo tu kuliko ya sasa. Mwambie hilo mapema.

2. Piga hesabu yako kabla ya kusikia ya mtu

Lazima ujue bei ambayo chini yake mtu anajidanganya. Semi (lori la kuvuta trela) yenye mzigo tuiwekee kilomita 2.2 kwa lita, kwa kuzingatia mlima wa Kitonga. Ikiwa tupu, kilomita 3. Kupanda Mbeya ni lita 377, kurudi tupu lita 277, jumla 654. Dizeli tuseme ni shilingi 2,800 kwa lita: 1,831,200 kwa mzunguko mzima. Ongeza posho ya dereva na utingo, matairi, bima, marejesho ya benki, na siku ambazo gari imelala. Utapata namba yako.

Namba hiyo ina kazi mbili. Juu yake kidogo unaweka bei ya ukomo, ambayo dau likiipita halihesabiki. Na inakutahadharisha na dau la chini mno. Mnada wa kushuka, ambao dau la chini ndilo linaloshinda, una ugonjwa wake: anayeshinda mara nyingi ndiye aliyesahau kitu. Mtu akiomba milioni 1.7 kwa safari ambayo dizeli peke yake inapita hapo, mpigie umuulize anarudi na mzigo gani. Akiwa na mkataba wa kushusha mbao za Mafinga, sawa, dau lake lina maana. Asipokuwa na jibu, liondoe, maana gari hiyo ama haitatokea au mzigo wako utauzwa kwa dalali mwingine usiku huohuo.

3. Chuja wanaoingia

Leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania), bima ya mzigo ulio safarini (siyo ya gari tu), namba ya mlipakodi, orodha ya magari kwa namba za usajili. Hiyo orodha ya magari ndiyo itakayotumika kwenye hesabu baadaye, kwa hiyo usiichukulie kama karatasi ya kujaza faili.

Madalali je? Wengi wanasema wafungiwe mlango. Mimi nasema waingie, kwa sharti kwamba namba ya gari na jina la mmiliki vitajwe saa ishirini na nne kabla ya kupakia. Mwenye malori matatu Tukuyu hana muda wa kukaa kwenye simu akifuatilia mnada. Dalali ndiye anayemwakilisha. Ukimfukuza dalali unabaki na kampuni kubwa tano, na kampuni tano zinafahamiana.

4. Weka sheria za mnada, kisha usiziguse

Kwa safari za wiki hii, mnada wa wazi wa kushuka unafaa: kila mmoja anaona nafasi yake (wa kwanza, wa tatu, wa saba) bila kuona jina la mtu wala bei yake. Muda wa nusu saa unatosha. Weka kipengele cha kuongeza muda: dau likiingia ndani ya dakika tatu za mwisho, saa inasogea dakika tatu mbele. Bila hicho wote watakaa kimya mpaka sekunde ya mwisho, halafu mwenye intaneti ya haraka ashinde.

Kwa mkataba wa miezi sita au mwaka, tumia madau yaliyofungwa (hakuna anayeona bei ya mwenzake), duru mbili. Duru ya kwanza wanaomba. Unawaonyesha nafasi zao kwa kila njia. Duru ya pili wanarekebisha. Unalipa alichoomba mshindi.

Utakutana na watu watakaokushauri ulipe bei ya pili. Wazo ni la William Vickrey, aliyeliandika 1961 na kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi 1996: mwenye dau la chini anashinda, lakini analipwa kiasi alichoomba wa pili yake. Kwa kuwa dau lako linaamua tu kama unashinda, siyo utalipwa ngapi, huna sababu ya kuongeza chumvi; unataja gharama yako halisi pamoja na faida unayoitaka. Kwa safari moja moja ni utaratibu mzuri kweli, na unawapunguzia wasafirishaji kazi ya kukisia. Kwenye mafungu, subiri uone hatua inayofuata.

Jambo dogo la kalenda: EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Usifunge mnada Jumanne ya kuamkia siku hiyo. Kila mtu ataweka bei ya mafuta anayoiogopa. Walio Kenya wana tarehe yao, ya 14 ya mwezi, inayotangazwa na EPRA, mamlaka yao ya nishati na petroli.

5. Ruhusu mafungu

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo twende taratibu.

Una njia mbili: mbolea Dar–Mbeya, na mahindi Makambako–Dar. Umepokea madau haya kwa safari moja ya kila njia. Msafirishaji A anaomba milioni 3.4 kupanda, milioni 2.3 kushuka, lakini akipewa zote mbili kwa gari ileile anaomba milioni 4.7. B anaomba kupanda tu, milioni 3.1. C anaomba kushuka tu, milioni 1.9.

Ukigawa njia moja moja, A ameshindwa kote. B anapanda, C anashuka, unalipa milioni 5.0. Ukiruhusu fungu, A anashinda kwa 4.7 na wewe umebakisha laki tatu kwa kila mzunguko. A hajakufanyia hisani: kilomita za kati ya Mbeya na Makambako ndizo pekee anazotembea tupu. Karani anayepitia njia moja moja kwenye karatasi asingemwona A hata kidogo, kwa sababu jina lake halikutokea juu popote.

Sasa ile bei ya pili. Kanuni yake kwa mafungu inasema mshindi alipwe kiasi ambacho wewe ungetumia bila yeye, ukitoa kile unacholipa wengine. Bila A ungetumia 5.0, kwa hiyo A analipwa 5.0. Bado hakuna ubaya. Lakini B na C wakipatana kwenye kijiwe, B aandike 2.5 na C aandike 1.0, madau ambayo kwa bei hizo wangepata hasara, wanashinda kwa jumla ya 3.5. Malipo yao? Bila B, njia rahisi ingekuwa A kupanda na C kushuka, 4.4, toa 1.0 ya C, B analipwa 3.4. Bila C, fungu la A ni 4.7, toa 2.5 ya B, C analipwa 2.2. Umelipa milioni 5.6 kwa kazi ambayo A angeifanya kwa 4.7, na wote wawili wamepata zaidi ya walivyoomba mwanzo. Ndiyo maana kwenye mafungu nashauri ulipe alichoomba mtu, duru mbili, basi. Hesabu nzuri ya darasani inataka watu wasiofahamiana, na kwenye usafirishaji watu wa aina hiyo ni wachache.

Usiruhusu mafungu ya kila aina. Mwanzo weka mafungu ya kwenda na kurudi tu, kisha ya pembetatu kama yapo (Dar–Dodoma–Mbeya–Dar, kwa mfano). Ukiacha wazi kabisa utaletewa fungu la "njia zote au hakuna", na wadogo wataondoka.

6. Endesha hesabu

Tatizo lenyewe linaandikika kwa maneno manne. Kila dau lipewe 1 likikubaliwa na 0 likikataliwa. Tafuta mchanganyiko wenye jumla ndogo kabisa ya malipo. Kila safari ichukuliwe mara moja tu. Msafirishaji asipewe safari nyingi kuliko magari yake.

Sharti la mwisho ndilo linaloiokoa wiki yako. Mwenye magari manne anaweza kuomba safari ishirini, akijua atapata chache. Programu isipojua ana manne, itampa zote ishirini kwa furaha. Ongeza na sharti la pili: hakuna anayezidi asilimia 40 ya safari za njia moja, ili siku akigoma usikwame.

Ugumu wake uko kwenye wingi. Madau 30 tu yana michanganyiko zaidi ya bilioni moja, kwa hiyo kujaribu mmoja mmoja haiwezekani, lakini programu za kisasa zinakata matawi yasiyo na tumaini na kumaliza kwa sekunde. Kwa kuanzia, Solver, zana ya kutafuta jibu bora iliyomo ndani ya Excel, inabeba hadi seli 200 za maamuzi, yaani madau 200. Ukizidi hapo, tumia programu za PuLP au OR-Tools ya Google, zote za bure, kwa anayejua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu. Kijana mmoja wa TEHAMA anaziweka ndani ya wiki. Kabla ya kununua mfumo wa gharama kubwa, endesha minada kadhaa kwa lahajedwali. Utajua unachohitaji na muuzaji hatakuchezea.

Siku ya kupakia kuna hesabu nyingine, ndogo: gari ipi ichukue mzigo upi. Hapa watu wengi wanagawa kwa "wa bei ya chini kwanza" na wanaumia bila kujua. Gari ya kwanza inaomba milioni 1.0 kwa mzigo wa Morogoro na 1.2 kwa wa Dodoma. Ya pili inaomba 1.1 kwa Morogoro na 2.0 kwa Dodoma. Ukikimbilia ile 1.0, wa Dodoma utakugharimu 2.0, jumla 3.0. Ukimpa wa pili Morogoro na wa kwanza Dodoma, jumla ni 2.3. Njia ya kupata jibu hilo kwa magari mengi aliichapisha Harold Kuhn mwaka 1955, na imo ndani ya OR-Tools tayari. Unaipa jedwali la bei, inakurudishia mgawo.

7. Pandisha dau la asiyeaminika

Bei unayoilinganisha isiwe ile aliyoandika mtu, iwe ile itakayokugharimu. Tuseme gari lisipotokea unapoteza laki nne: ghala, makuli waliokaa, lori la dharura. Msafirishaji anayekosa mara moja katika kumi, ongeza 40,000 kwenye dau lake ndani ya hesabu. Anayekosa mara tatu, 120,000. Akishinda bado, unamlipa alichoomba, bila kukata. Waeleze wote kanuni hii kabla ya mnada na kila mmoja aone alama zake. Ukificha, wataamini una watu wako, na hawatakuwa wamekosea sana kuwaza hivyo.

Mgeni asiye na historia mpe wastani wa wote. Ukimpa sifuri anapendelewa. Ukimpa adhabu haingii tena mtu mpya.

8. Angalia madau yanayofanana mno

Kundi la WhatsApp la wasafirishaji lipo, hata kama hujaalikwa. Si kosa watu kuzungumza bei ya matairi. Kosa ni kupanga nani ashinde wiki hii, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inalikataza na Tume ya Ushindani inalishughulikia. Dalili zake: washindi wanaopokezana kwa zamu kama mchezo wa upatu, madau yanayopishana kwa shilingi 5,000 ileile kila mara, mtu anayeomba juu ya ukomo kila wiki bila sababu ya kuwepo. Dawa ya kwanza ni kuongeza washiriki na kubadilisha ukubwa wa mafungu, ili mpango wa zamu uwavurugikie. Barua kwa Tume ije baada ya hapo, ukiwa na kumbukumbu za madau mkononi.

9. Baada ya nyundo kugonga

Tuma matokeo siku ileile. Mshindi apate safari zake kwa maandishi. Wa pili aambiwe ni wa akiba na mpaka saa ngapi, na kama unamshikilia, mlipe kidogo kwa kumshikilia. Aliyeshindwa aambiwe alikuwa wa ngapi na amepitwa kwa asilimia ngapi. Wengi hujitoa minadani kwa sababu ya ukimya.

Kwenye mkataba mrefu weka kifungu cha mafuta, na kiwe cha lita, siyo cha asilimia. Mlikubaliana mzunguko wa Mbeya ni lita 654. EWURA ikipandisha dizeli kwa shilingi 150, malipo yanapanda 98,100 kwa mzunguko. Ikishusha, yanashuka vilevile. Gari inayorudi na mahindi yako inachoma zaidi ya lita hizo, kwa hiyo njia zenye fungu ziwe na idadi yao ya lita, iliyoandikwa kabla ya madau kuingia.

Kisha andika yaliyotokea kweli: saa ya kufika kupakia, saa ya kuondoka, siku ya kushusha, mzigo uliopungua, siku uliyolipa. Safu hiyo ya mwisho wengi hawaijazi kwa sababu inawahusu wenyewe. Ijaze, na kwenye tangazo la mnada unaofuata weka wastani wake juu kabisa, kabla ya orodha ya njia.